Krosi imetoa 965 : 944 : 206 : 185. Ile 1:1:1:1 imeenda wapi?

#1 Gameti_Pweke

Wakuu, habari za saa hizi. Nimekwama kwenye jenetikia, naomba anayeijua anishike mkono.

Swali ni la nzi wa matunda. Jike chotara wa sifa mbili, mwili wa kijivu na mabawa ya kawaida (zote tawala, yaani ndizo zinazoonekana chotara akibeba aina zote mbili za jeni), kapandishwa na dume mweusi mwenye mabawa yaliyodumaa, yaani fiche kwa sifa zote mbili. Watoto wakatoka hivi:

kijivu, mabawa ya kawaida: 965
mweusi, mabawa yaliyodumaa: 944
kijivu, mabawa yaliyodumaa: 206
mweusi, mabawa ya kawaida: 185

Jumla 2300. Kwa nilivyofundishwa, kila jozi ya jeni hujigawa kivyake, kwa hiyo kila kundi lilitakiwa kuwa na watoto 575 hivi. Hapa makundi mawili yamefura na mawili yamenyauka.

Jibu la kitabuni ninalo: "jeni zimefungamana, chukua 391 gawa kwa 2300 upate asilimia 17." Kukokotoa si tatizo. Ninachotaka kujua ni kama sheria ya Mendel imevunjika hapa au haijavunjika, na nitautabirije uwiano kabla ya kuzaliwa mtoto hata mmoja? Maana kila swali la mfungamano (jeni kurithiwa pamoja) naliona linakuja na uwiano wake.

#2 Ganda_Kijani

Imevunjika, tena vibaya. Mendel alibahatika tu kuchagua sifa saba za njegere zilizokaa kwenye kromosomu saba tofauti. Angechagua nyingine tusingemsikia.

#3 ChavuaNdefu

Ganda_Kijani, hiyo hadithi ya sifa saba kwenye kromosomu saba tofauti inasimuliwa kila mahali na si kweli. Njegere ina jozi saba za kromosomu, sawa, lakini sifa za Mendel hazikujigawa moja moja humo. Umbo la mbegu na rangi ya ganda changa, kwa mfano, ziko kwenye kromosomu moja, ila zimekaa mbalimbali. Hilo la umbali tutalirudia, kwa sababu kukaa kromosomu moja na kufungamana ni mambo mawili.

Gameti_Pweke, kabla hujaigusa hiyo 17, fanya kazi ambayo wengi huiruka. Hesabu kila sifa peke yake.

Kijivu ni 965 + 206 = 1171. Weusi ni 944 + 185 = 1129. Karibu nusu kwa nusu.
Mabawa ya kawaida ni 965 + 185 = 1150. Yaliyodumaa ni 944 + 206 = 1150. Nusu kamili! Mtu anayetunga data asingethubutu kuandika hivyo.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya Mendel, kwamba aleli (aina) mbili za jeni moja hutengana na kila gameti (yai au manii) ikapata moja, iko palepale. Iliyogoma ni ya pili peke yake, ile ya kwamba jozi moja ikitengana haiangalii jozi ya pili imefanya nini. Mfungamano hauongezi weusi wala haupunguzi mabawa yaliyodumaa. Unachobadilisha ni nani anaondoka na nani.

Sasa angalia upande wa dume. Huyo ni fiche kwa zote mbili, hana cha kutoa isipokuwa gameti ya bv (B ni kijivu, b mweusi, V mabawa ya kawaida, v yaliyodumaa). Haongezi wala hafichi kitu. Kwa hiyo kila mtoto anaonyesha waziwazi yai alilotokana nalo, na ukihesabu watoto umehesabu mayai. Mayai ya mama yalikuwa BV asilimia 42, bv asilimia 41, Bv asilimia 9, bV asilimia 8.

Kwa nini hivyo? Mama alipokea kromosomu moja yenye BV kwa mzazi mmoja na nyingine yenye bv kwa mzazi wa pili. Kwenye miosisi (mgawanyiko wa seli unaotengeneza gameti) kromosomu hizo mbili hujipanga ubavu kwa ubavu, hushikana, na hubadilishana vipande. Mabadilishano yakiangukia katikati ya jeni hizi mbili, Bv na bV hupatikana. Yakiangukia pengine, B inatoka na V yake kama ilivyoingia.

Utabiri uliouomba umo humo. Ita r ile sehemu ya gameti zenye mchanganyiko mpya. Gameti mbili za kale zinapata (1 − r)/2 kila moja, gameti mbili mpya zinapata r/2 kila moja. Kwisha. Uwiano wa watoto ni kuzidisha tu gameti za mama na za baba. Ndiyo maana kila swali linakuja na uwiano wake: r inabadilika, na aina ya krosi inabadilika. Hakuna "uwiano wa mfungamano" wa kukariri.

#4 Gameti_Pweke

Mkuu hapo umepiga penyewe. Ile ya kujumlisha kila sifa kivyake sikuwahi kuonyeshwa.

Ila nina swali dogo. Bv na bV ndizo "mpya" siku zote? Yaani nikiona tawala moja na fiche moja, hiyo ni mchanganyiko mpya?

#5 Kromatidi_Dada

Hapana, na huu ndio mtego unaonasa watu wengi kuliko wote kwenye mada hii.

"Mpya" inapimwa kwa alichorithi yule chotara, haipimwi kwa tawala na fiche. Chukua nzi haohao lakini babu na bibi wabadilishe: mmoja awe kijivu mwenye mabawa yaliyodumaa, wa pili mweusi mwenye mabawa ya kawaida. Binti yao bado ni BbVv, bado ni wa kijivu mwenye mabawa ya kawaida, kwa macho humtofautishi na yule wa kwanza. Lakini kromosomu zake ni Bv na bV. Mpandishe na dume yuleyule na namba zitageuka: kijivu wenye mabawa yaliyodumaa na weusi wenye mabawa ya kawaida ndio watakuwa asilimia 83 kwa pamoja, na zile 17 zitagawanywa na kijivu wa kawaida na weusi waliodumaa.

Kwa hiyo kuandika BbVv peke yake hakutoshi. Andika BV/bv au Bv/bV, mstari uonyeshe nani yuko na nani. William Bateson na wenzake waliziona hali hizi mbili wakadhani ni nguvu mbili tofauti, moja ya kuambatana na nyingine ya kukimbiana. Thomas Hunt Morgan, mtafiti wa nzi wa matunda, ndiye aliyeonyesha mwaka 1911 kwamba ni jambo moja, jeni kukaa karibu kwenye kromosomu, na tofauti ni mpangilio wa kuanzia tu.

Usiposema mpangilio wa kuanzia, swali halina jibu. Mtihani ukikupa AaBb × aabb na r bila kutaja wazazi wa chotara, mtungaji ndiye amekosea.

#6 Ganda_Kijani

Sawa, nimenyoosha mikono kwenye njegere. Lakini hizo ni krosi za kupima, mzazi mmoja fiche tupu. Mbona 9:3:3:1, ile ya Mendel ya chotara kwa chotara, hamuigusi? F1 (machotara wa kizazi cha kwanza) wakipandishwa wao kwa wao inakuwaje?

#7 ChavuaNdefu

Inakuwa ngumu kidogo kuisoma, kwa sababu sasa pande zote mbili zinatoa gameti za aina nne na tawala inafunika kilicho chini yake.

Tuanze na mpangilio AB/ab na r ya asilimia 20. Gameti ni AB 40, ab 40, Ab 10, aB 10. Fiche tupu aabb hupatikana kwa njia moja tu, ab ikikutana na ab: 0.4 × 0.4 = 0.16. Anza hapo kila mara. Yaliyobaki hayahitaji jedwali la miraba kumi na sita, kwa sababu tumeshakubaliana kila jeni peke yake inabaki 3:1. Wenye aa wote ni asilimia 25. Ukitoa 16 zinabaki 9, hao ndio aa wenye B. Upande wa pili vilevile, A wenye bb ni 9. Waliobaki ni 66. Umepata 66 : 9 : 9 : 16 mahali pa 56 : 19 : 19 : 6 ya Mendel.

Mpangilio ukiwa Ab/aB, gameti ya ab inakuwa asilimia 10 tu, na aabb ni 0.1 × 0.1 = 0.01. Basi 51 : 24 : 24 : 1. Jeni zilezile, r ileile!

Sogeza r iwe sifuri uone mwisho wake. AB/ab inatoa 3:1, kama vile unaangalia jeni moja. Ab/aB inatoa 2:1:1, na fiche tupu hawapo kabisa.

Mfano wa kihistoria ndio huu. Mwaka 1905 Bateson, Edith Saunders na Reginald Punnett walitoa taarifa ya ua liitwalo Lathyrus odoratus, jamaa wa njegere. Zambarau ni tawala juu ya nyekundu, na chavua ndefu ni tawala juu ya chavua ya mviringo (jina langu humu limetoka hapo). F2 (watoto wa F1 waliopandishwa wao kwa wao) walikuwa 381:

zambarau, ndefu: 284
zambarau, mviringo: 21
nyekundu, ndefu: 21
nyekundu, mviringo: 55

Kwa 9:3:3:1 ungetegemea takriban 214, 71, 71 na 24. Fiche tupu ni zaidi ya mara mbili ya walivyotarajiwa.

#8 Kai_Skwea

Nimefuata njia yako mkuu, na inanipa majibu mawili yanayogombana.

Njia ya kwanza, fiche tupu: 55/381 = 0.144. Kipeuo chake cha pili ni 0.38, hiyo ndiyo gameti ya ab. Basi gameti za kale ni asilimia 76, r = asilimia 24.

Njia ya pili, kundi la 21: 21/381 = 0.055. Kwa kanuni yako aa wenye B ni 0.25 kutoa fiche tupu, kwa hiyo fiche tupu wangekuwa 0.195, kipeuo cha pili 0.44, gameti za kale asilimia 88, r = asilimia 12.

Data moja, r mbili, na moja ni mara mbili ya nyenzake. Tuamini ipi?

#9 ChavuaNdefu

Hili ni swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Nilikuwa najiuliza nani atalifikia.

Rudi kwenye dawa ya post #3: kila sifa peke yake. Zambarau 284 + 21 = 305, nyekundu 21 + 55 = 76. Kwa 3:1 nyekundu walitakiwa 95. Chavua nayo ni hivyohivyo, 305 kwa 76. Pima kwa kai-skwea (kipimo cha kama tofauti ni kubwa kuliko ya bahati tu): tofauti ni 19.25, inakupa 5.19 hivi, na kikomo cha digrii moja ya uhuru ni 3.84. Yaani hata jeni moja moja hazikukaa vizuri kwenye 3:1 ndani ya kundi hili. Fiche ni wachache kuliko inavyotakiwa. Inaweza kuwa bahati ya sampuli tu, lakini kwa vyovyote kanuni ya "0.25 kutoa fiche tupu" inategemea 3:1 iwe safi, na hapa si safi. Ndiyo maana njia zako zinagombana.

Ukitumia makundi yote manne kwa pamoja, kwa njia ya uwezekano wa juu kabisa aliyoieneza mwanatakwimu Fisher, r inaangukia karibu na asilimia 13. Haiko katikati ya 24 na 12, iko karibu sana na 12, kwa sababu yale makundi mawili ya 21 yanabeba habari nyingi.

Lakini hatuna haja ya kubishana juu ya mimea 381. Krosi hiyo iliendelea kuhesabiwa mpaka F2 wakafika 6952: 4831, 390, 393, 1338. Kai_Skwea, piga hesabu zako tena hapo.

#10 Kai_Skwea

Nyekundu 393 + 1338 = 1731 kati ya 6952, asilimia 24.9. Safi.

Fiche tupu: 1338/6952 = 0.1925, kipeuo cha pili 0.4387, r = asilimia 12.3.
Kundi la 390: 0.0561, fiche tupu wangekuwa 0.1939, r = asilimia 11.9.

Zimepatana! Nimeridhika.

#11 Kromatidi_Dada

Na kuna uhondo hapo. Bateson na Punnett walipendekeza kwamba gameti za mmea huo ziko 7:1:1:7. Hiyo ni r ya 2/16, asilimia 12.5. Ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata F2 ya 177:15:15:49, na kwa mimea 6952 hiyo ni 4807, 407, 407, 1331. Linganisha na walichohesabu. Namba waliipata sawasawa kabisa, maelezo ndiyo yaliyowapotea. Walifikiri gameti za aina fulani hujizidisha mara nyingi kuliko nyingine baada ya jeni kutengana, wakatafuta 3:1:1:3, 7:1:1:7, 15:1:1:15, kama ngazi za mgawanyiko wa seli. Bateson aliikataa kromosomu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Tatizo la ngazi ni kwamba r haipandi ngazi. Asilimia 17 ya nzi wa Gameti_Pweke haikai kwenye 3:1:1:3 (hiyo ni 25) wala 7:1:1:7. Inaweza kuwa namba yoyote kati ya 0 na 50, kwa sababu inafuata umbali.

#12 Gameti_Pweke

Kwa nini mwisho ni 50? Jeni zikiwa ncha mbili za kromosomu ndefu si kila miosisi itabadilishana kati yake? Basi r ingekuwa 100.

#13 Kromatidi_Dada

Kwa sababu wakati wa kubadilishana, kila kromosomu imeshajirudufu. Kuna nyuzi nne, na badilishano moja linahusisha mbili tu kati ya hizo nne. Hata likitokea kwenye kila miosisi bila kukosa, nyuzi mbili zinatoka mpya na mbili zinatoka za kale. Nusu.

Yakitokea mawili? Inategemea nyuzi zipi. Nyuzi mbili zilezile zikibadilishana mara ya pili, zinarudisha kilichochukuliwa, mpya ni 0 kati ya 4. Zikihusika nyuzi tatu, mpya ni 2. Zikihusika zote nne, mpya ni 4. Kama nyuzi hazichaguani, hali ya katikati hutokea mara mbili ya kila moja ya zile za pembeni, na wastani unarudi nusu. Ongeza mengine, bado nusu.

Kwa hiyo jeni za kromosomu moja zilizo mbalimbali zinatoa 1:1:1:1 na 9:3:3:1 kama zile za kromosomu tofauti. Kwa macho ya uwiano ni kitu kimoja. Hapo ndipo umbo la mbegu na rangi ya ganda zinapoingia, na hapo ndipo Ganda_Kijani alipokuwa anapotezwa na ile hadithi.

#14 Mbegu_Kunyanzi

Nimesoma uzi wote kimyakimya. Swali: 9:3:3:1 ikiharibika, nitajuaje kuwa ni mfungamano na si jeni moja kuifunika nyingine? Nimeona 9:7, 12:3:1, 9:3:4 na zote huitwa "zimegoma".

#15 Kai_Skwea

Kwenye hizo makundi ya watoto yanapungua: 9:7 ina mawili, 12:3:1 na 9:3:4 zina matatu. Mfungamano haufuti kundi, isipokuwa r iwe sifuri au karibu yake. Na ukifanya krosi ya kupima, 9:7 inakuja kama 1:3, wakati mfungamano unatoa makundi manne katika jozi mbili, wakubwa wawili wanaolingana na wadogo wawili wanaolingana. Jozi zisipolingana, mfungamano si mshukiwa wa kwanza. Tafuta aina ambayo watoto wake wanakufa kabla ya kuhesabiwa.

#16 ChavuaNdefu

Naongeza onyo kuhusu r ndogo kwenye mpangilio wa Ab/aB. Kwa r ya asilimia 12, fiche tupu katika F2 ni 0.06 × 0.06 = 0.0036, mmoja kati ya 278 hivi. Mtu anapanda mimea mia, hamuoni hata mmoja, anatangaza kwamba aabb hufia kwenye mbegu. Hajafa, hajazaliwa bado. Wanaozalisha mbegu hukutana na hili kila wakitaka kuunganisha sifa mbili nzuri zilizotoka kwa wazazi tofauti, au kuing'oa sifa mbaya iliyokaa jirani na nzuri. Ukitaka kupima r, achana na F2 na ufanye krosi ya kupima. F2 ya mpangilio huo ina habari kidogo mno kuhusu r kwa kila mmea unaouhesabu.

#17 Ganda_Kijani

Mmesema "inafuata umbali" lakini hamjaonyesha umbali unavyopatikana. Na jeni tatu je?

#18 Kromatidi_Dada

Alfred Sturtevant alikuwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa Morgan alipong'amua kwamba r zikilinganishwa, jeni zinapangika kwenye mstari mmoja. Alichora kwa usiku mmoja, akaacha kazi zake za darasani, na ramani ikachapishwa mwaka 1913. Ilikuwa ya jeni za kromosomu ya X ya nzi. Asilimia moja ya r ni kipimo kimoja cha ramani, siku hizi tunaita sentimorgani.

Jeni tatu ni kama hivi, namba nimezitunga. Chotara KLM/klm, krosi ya kupima, watoto 1000:

KLM 365, klm 357
Lkm 47, lKM 45
LKm 88, lkM 90
kLM 5, Klm 3

Wengi kuliko wote ni wa kale. Wachache kuliko wote ni wale waliobadilishana mara mbili. Linganisha hao wawili: kLM na KLM zinatofautiana kwa K peke yake. Aliyehama ndiye wa katikati. Mpangilio ni L, K, M, japo swali limeandika kwa alfabeti.

L hadi K: (47 + 45 + 5 + 3)/1000 = asilimia 10. K hadi M: (88 + 90 + 5 + 3)/1000 = asilimia 18.6. Waliobadilishana mara mbili wanaingia kwenye pande zote mbili, usiwasahau.

Sasa pima L na M moja kwa moja kana kwamba K haipo: 47 + 45 + 88 + 90 = 270, asilimia 27. Lakini 10 + 18.6 ni 28.6. Zile 1.6 zimekwenda wapi? Ni wale wanane, kila mmoja amebadilishana mara mbili na L na M zikarudi pamoja, kwa hiyo krosi ya jeni mbili haiwaoni. Ndiyo maana r ya mbali huwa fupi kuliko ramani. Na mara mbili zingetokea bila kuathiriana tungetegemea 0.10 × 0.186 × 1000 = 18.6, tumepata 8. Badilishano moja linazuia jirani yake.

#19 Kai_Skwea

Kwa wapenda hesabu: kuna kanuni za kurudisha umbali uliopotea. Ya Haldane, 1919, haijali kuzuiana, na kwa r ya 0.27 inakupa sentimorgani 38.8. Ya Kosambi inajali, inakupa 30.2. Kwa data ya dada hapo juu (28.6), Kosambi kashinda kwa mbali.

#20 Gameti_Pweke

Nimepata moyo, nikajaribu F2 ya nzi kwa r yangu ya 17, mpangilio Bv/bV. Gameti bv ni 0.085, fiche tupu 0.0072. Kwa watoto 1000 ni saba hivi. Sahihi?

#21 ChavuaNdefu

Hesabu ni sahihi kwa mmea. Kwa nzi utapata sifuri.

Dume wa Drosophila hafanyi mabadilishano kabisa. Miosisi yake inapita bila vipande kuhama. (Kwa nondo wa hariri ni kinyume, jike ndiye asiyebadilisha.) Ukitazama swali lako la kwanza, jike ndiye aliyekuwa chotara, na si kwa bahati mbaya. Ukigeuza, dume BV/bv kwa jike fiche tupu, unapata makundi mawili tu, nusu kwa nusu, na mtu atakuapia kuwa r ni sifuri.

Sasa F2 yako. Dume anatoa Bv nusu na bV nusu. Hana bv ya kutoa, kwa hiyo fiche tupu hawezi kuzaliwa hata jike afanye nini. Fanya upya kwa r ya jike yoyote unayotaka, 5, 17, 40, halafu utuwekee ulichopata.

#22 Gameti_Pweke

Nimefanya kwa 17. Manii ya Bv ikikutana na mayai ya BV (0.085) au bV (0.415) mtoto ni tawala kwa zote, jumla 0.5. Manii ya bV ikikutana na BV au Bv, vilevile 0.5. Kwa hiyo tawala kwa zote nusu, kijivu waliodumaa robo, weusi wa kawaida robo. 2:1:1.

Nikafanya kwa 40. 2:1:1. Kwa 5, 2:1:1. r inajifuta yenyewe!

#23 ChavuaNdefu

Ndiyo. F2 ya namna hiyo kwa nzi inakuambia kuwa jeni ziko kromosomu moja, basi. Ukitaka umbali, rudi kwa jike chotara na dume fiche, zile 2300 ulizoanza nazo.

#24 Mbegu_Kunyanzi

Na mpangilio wa BV/bv pande zote mbili, dume habadilishi, r ya jike 17? Nimepata 70.75 : 4.25 : 4.25 : 20.75.

#25 Kai_Skwea

Sahihi. Na 4.25 + 20.75 = 25, ile 3:1 bado ipo.